Maswali ya walimu wa sanaa: kupanga mradi kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14

Walimu wa sanaa ya uchoraji, uchapaji na ufinyanzi wanaofundisha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 wameniandikia kuhusu jambo moja: namna ya kupanga mada nzima ya sanaa ili ifundishwe kwa njia ya mradi. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Swali: Kila muhula huwapa wanafunzi kazi kubwa moja ya kuchora mandhari kutoka kwenye picha ninayoibandika ubaoni, nao huimaliza kwa majuma matano. Mwalimu mwenzangu anasema huo si mradi. Je, ni kweli?

Nakubaliana naye. Urefu wa muda haugeuzi zoezi kuwa mradi. Kinachoutambulisha mradi ni uzito wa maamuzi ambayo mwanafunzi ameachiwa: achore nini, atumie nyenzo gani, kazi iwe na ukubwa gani, itazamwe na nani, na abadilishe nini pale jaribio la kwanza lisipomridhisha. Darasa zima linaponakili picha moja, maamuzi hayo yote umeshayafanya wewe, na kilichobaki kwa mwanafunzi ni utiifu wa mkono. William Heard Kilpatrick, mwanaelimu wa Marekani aliyeieleza mbinu ya mradi mwaka 1918, aliweka mkazo kwenye kusudi ambalo mwanafunzi analikubali kwa moyo wote, na naamini bado hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Sisemi kwamba kunakili hakuna faida, kwani kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walijifunza kazi kwa kunakili michoro ya waliowatangulia. Ninachosema ni kwamba kunakili kunafaa kuwa zoezi fupi ndani ya mradi, mwanafunzi anapohitaji ustadi fulani ili asonge mbele. Mandhari yako inaweza kuwa mradi ukiwapa wanafunzi swali kama hili: je, mahali panawezaje kuchorwa bila mtu hata mmoja kuonekana, na bado mtazamaji akatambua ni watu wa namna gani wanaopatumia? Mwanafunzi mmoja atachora ngazi zilizochakaa upande mmoja tu, mwingine atachora meza yenye viti vya vimo tofauti, na hakuna atakayeweza kuazima jibu la jirani yake.

Swali: Nina majuma manane, na kila juma kipindi kimoja cha dakika 80. Nianzie wapi kupanga?

Anzia mwisho, lakini kabla ya hapo fanya hesabu ya muda kwa uaminifu. Majuma manane ya dakika 80 ni dakika 640. Ukiondoa dakika 20 za kila kipindi kwa ajili ya kugawa vifaa, kukusanya kazi na kusafisha meza, zinabaki dakika 480, yaani saa nane tu za kufanya kazi. Saa nane zinatosha kufundisha stadi mbili vizuri, nazo hazitoshi kufundisha stadi tano. Andika kwanza kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya mwishoni bila msaada wako, kisha ufute kila kitu kwenye azimio la kazi kisichomfikisha hapo.

Tuchukue mfano wa mradi wenye swali hili: kitu kinachotumika kila siku kinaweza kueleza nini kuhusu mtu anayekitumia? Stadi mbili ni kuonyesha mwanga na kivuli, na kupanga vitu ndani ya fremu. Katika juma la kwanza kila mwanafunzi huja na kitu kilichotumika sana, na hukichora mara tatu: mara ya kwanza kwa mstari wa nje peke yake, mara ya pili kwa vivuli, na mara ya tatu sehemu ndogo tu iliyokuzwa ikajaza karatasi. Juma la pili mnatazama kazi za wasanii waliowahi kujiuliza swali hilohilo. Jozi ya viatu vilivyochakaa aliyoichora Vincent van Gogh mwaka 1886 inafaa sana, kwa kuwa mwanafunzi wa miaka 12 anaweza kusoma ndani yake uchovu, mwendo na umri bila kuhitaji maelezo ya mwalimu. Waache waseme kwanza wanachokiona, na tafsiri ije baadaye.

Juma la tatu ni la ustadi wa vivuli. Tumia mwanga wa upande mmoja, na waandae ngazi ya rangi tano kutoka nyeupe hadi nyeusi kwa penseli au mkaa. Juma la nne wanachora michoro midogo sita, kila mmoja ukiwa na ukubwa wa kiberiti, ili wajaribu mipangilio sita tofauti kabla ya kuigusa karatasi kubwa. Hapa nakusihi usilegee, hata wakikulalamikia. Mwanafunzi anayeanza moja kwa moja kwenye karatasi kubwa huyapenda mawazo yake ya kwanza kupita kiasi, na baada ya hapo hakuna ushauri utakaomfanya abadilishe.

Kazi yenyewe hufanyika juma la tano na la sita. Kikao cha kutathminiana kiweke mwishoni mwa juma la tano, kazi ikiwa nusu, ili maoni yawe na matumizi. Juma la saba liache kwa marekebisho peke yake. Walimu wengi hulitoa juma hili sadaka pindi ratiba inapobana, ilhali mimi naliona kuwa ndilo juma lenye elimu kubwa kuliko yote. Ukitaka wanafunzi waamini kwamba kubadilisha ni sehemu halali ya kazi, waonyeshe picha ambazo mpigapicha Dora Maar alizipiga mwaka 1937 wakati Pablo Picasso akichora Guernica, mchoro wenye upana wa zaidi ya mita saba na nusu. Katika picha hizo mkono ulioinuliwa juu unaonekana katika hatua za mwanzo na baadaye haupo tena, na farasi anabadilishwa mkao. Juma la nane ni la maonesho, na kila kazi iambatane na aya moja ya mwanafunzi inayoeleza uamuzi mmoja alioufanya na sababu yake.

Swali: Wanafunzi wangu wa miaka 12 walipenda kuchora walipokuwa wadogo, lakini sasa wengi wanasema hawajui na wanakataa hata kuanza. Nifanyeje?

Hilo lina sababu katika ukuaji wao, wala si uvivu. Viktor Lowenfeld, mwanaelimu mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alieleza mwaka 1947 hatua ambazo mchoro wa mtoto hupitia, na alionyesha kwamba anapokaribia ujana mtoto huanza kuupima mchoro wake kwa kile anachokiona kwa macho. Jicho lake limekomaa kabla ya mkono. Anaona kasoro ambazo miaka mitatu iliyopita asingeziona, na kwa kuwa hana njia ya kuzirekebisha, anahitimisha kwamba hana kipaji. Kumwambia kwamba mchoro wake ni mzuri hakumsaidii, kwa sababu anajua unachokikwepa. Mpe njia ya kurekebisha.

Mfundishe kupima kwa penseli, mkono ukiwa umenyooshwa kabisa na jicho moja limefumbwa, ili alinganishe urefu wa kitu na upana wake. Mfundishe kuchora umbo la nafasi zilizo wazi, kwa mfano nafasi iliyo kati ya miguu ya kiti, badala ya kuchora miguu yenyewe. Umbo hilo hana jina lake akilini, kwa hiyo hulazimika kulitazama kweli. Kata tundu la mstatili kwenye kadi ili alitumie kuchagua sehemu ya kuchora. Haya yote hufundishika kwa dakika 15 mwanzoni mwa kipindi, na mabadiliko huonekana mapema kiasi cha kumrudishia mwanafunzi imani. Pia weka ndani ya mradi njia isiyotegemea mchoro unaofanana na kitu halisi, kama vile kolaji, yaani picha inayoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi na vitu vingine, au uchapaji. Na tafadhali usichukue penseli ukamchorea kwenye karatasi yake. Kama ni lazima uonyeshe, tumia karatasi nyingine pembeni.

Swali: Vifaa ni vichache na darasa ni kubwa. Je, miradi inawezekana?

Inawezekana, ilimradi nyenzo ichaguliwe kwa sababu na isiwe ya kuziba pengo tu. El Anatsui, mchongaji aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi Nigeria kwa miaka mingi, ameunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa nyaya za shaba akapata kazi kubwa zinazoning'inia kama nguo, na vifuniko hivyo vinabeba maana ya biashara na historia. Waulize wanafunzi wako nyenzo waliyonayo inasema nini yenyewe kabla hawajaigusa. Kwa uchapaji, kadibodi inatosha: maumbo hukatwa na kubandikwa juu ya kipande kingine, hupakwa wino, kisha karatasi hulazwa juu na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Lino, yaani bamba laini linalochongwa kwa visu kisha kupakwa wino, ni nzuri zaidi kwa mistari myembamba, lakini visu vyake visitumiwe na darasa zima kwa wakati mmoja, na mkono usiokata ukae nyuma ya kisu daima. Ufinyanzi uache kama huna tanuri. Kama unalo, kuta za chombo zisizidi unene wa sentimita moja hivi, na chombo kikauke kabisa, kwani maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kukipasua.

Swali: Nitoeje alama bila kuwapendelea wenye vipaji?

Gawa alama kabla mradi haujaanza, na uwasomee wanafunzi vigezo siku ya kwanza. Mimi hupendekeza nusu ya alama itokane na kitabu cha michoro: majaribio, michoro midogo sita, na ushahidi wa badiliko lililofanywa baada ya maoni ya wenzake. Nusu ya pili ipime zile stadi mbili ulizozifundisha na namna kazi inavyojibu swali la mradi. Usitoe alama kwa ustadi ambao hukuufundisha.

Swali: Tunataka kuchora mchoro mkubwa wa ukutani kwa pamoja. Nizuieje wawili watatu wasifanye kazi ya wote?

Gawa mchoro uliokubaliwa kwa miraba. Mraba wa sentimita 2 kwenye karatasi ukiwa sentimita 20 ukutani, mchoro unakuzwa mara kumi, na kila mwanafunzi anawajibika kwa miraba yake na kwa mahali inapokutana na ya jirani. Uamuzi wa nini kichorwe ufanyike kabla ya hapo, kwa michoro ya kila mmoja na si kwa mjadala wa mdomo, kwa kuwa mjadala humpa ushindi mwenye sauti kubwa.

Swali: Wanafunzi wanapakua picha kwenye intaneti, na sasa wengine wanatumia programu za akili mnemba kutengeneza picha kisha wanainakili. Nipige marufuku?

Marufuku itakuchosha kuisimamia. Panga mradi ambao chanzo chake hakipatikani huko: kitu alichokileta mwenyewe, picha aliyoipiga mwenyewe, mahali alipokaa akachora. Pale rejea kutoka nje inapohitajika, kwa mfano umbo la mnyama ambaye hawezi kumwona, mtake atumie vyanzo visivyopungua vitatu, avibandike kwenye kitabu cha michoro, na aandike kando ya kila kimoja alichokichukua na alichokibadilisha. Mwanafunzi aliyenakili picha moja hatakuwa na cha kuandika, nawe utaligundua hilo juma la pili, wakati bado kuna nafasi ya kumwelekeza upya.