Skrini inayong'aa au isiyoakisi kwa mhariri wa picha?

Ndugu, nimekuelewa: unatafuta laptopu ya kuhariri picha, unasita kati ya skrini inayong'aa na isiyoakisi mwanga, na padi ya kugusa imeshakuchosha mkono.

Kabla ya mng'ao, uliza skrini inaonyesha rangi kiasi gani. Isipungue asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini. Zile za asilimia 45 ya NTSC (kipimo kingine cha rangi), ambazo huwekwa kwenye laptopu nyingi za bei ya chini, ziache kabisa. Niliwahi kuhariri picha za harusi kwenye skrini ya namna hiyo. Gauni jekundu nililiona limefifia, nikaongeza rangi; zilipochapishwa, mikunjo ya kitambaa ilikuwa imepotea, limebaki doa moja jekundu. Iliniuma sana.

Skrini inayong'aa hutoa weusi mzito, ila ukikaa mbele ya dirisha unauona uso wako ndani ya vivuli vya picha. Mimi nachagua isiyoakisi. Umbo la skrini la 16:10 (upana kwa kimo) pia lina kimo kizuri kuliko 16:9. Ukipenda OLED, yaani skrini ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, ijaribu kwanza kwa mwangaza mdogo, maana baadhi huwaka na kuzima kwa kasi na kuumiza macho ya watu wengine.

Padi iwe pana, na ibofyeke hata kwenye pembe za juu. Lakini kuchora maski (mipaka ya sehemu ya picha unayotaka kuhariri) kwa kidole saa nzima, hapana. Tafuta tableti ya kuchorea yenye kalamu. Vidole vikianza kufa ganzi, muone daktari mapema.

Kama unachapisha, skrini isawazishwe kwa kifaa cha kupimia rangi. Huna? Mtafute fundi mwenye nacho.