Riale ya nyanya, nimuuzie sonara?

SWALI: Asalam aleikum. Marehemu nyanya yetu hapa Langoni, Lamu, katuachia sarafu kubwa ya fedha, ina sura ya mwanamke mnene na mwaka 1780, sasa sonara ataka kuinunua kwa bei ya kuyeyusha, nimpe?

JIBU: Waaleikum salam. Hiyo ni riale ya Maria Theresa wa Austria, na huo mwaka usikupe kiwewe, malkia alikufa 1780 lakini sarafu zikaendelea kupigwa miaka na miaka kwa tarehe ileile, kwa hivyo nyingi si kongwe vile watu wadhani. Na si fedha safi kama hizi sarafu za fedha za kisasa za 999, yaani sehemu 999 kwa elfu ni fedha, hii ni 833 kwa elfu: uzito gramu 28 na ushee, fedha tupu kama gramu 23.4. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, akikupa chini sana mwambie ahsante, uondoke. Ukingoni pitisha ukucha, utasikia maandishi yamejitokeza, na sumaku isiishike. Tafadhali usiisugue na majivu! Wakusanyaji wautaka ule weusi wake. Ikiwa imetobolewa ikavaliwa kidani, basi hapo sonara ana haki, ni bei ya fedha tu.