Bibha Chowdhuri anatosha kukujibu
Umeuliza kama India ilikuwa na mwanamke kwenye fizikia ya chembe kabla ya uhuru, alikuwepo bana, Bibha Chowdhuri. Yeye na mwanafizikia mwenzake D.M. Bose walikuwa wanapandisha pleti za picha milimani Darjeeling zinase miale ya kosmiki (chembe zinazotoka anga za mbali), wakaona alama za mesoni (chembe zenye uzito kati ya elektroni na protoni) wakachapisha kwenye Nature mwanzoni mwa miaka ya 40, ila vita ikawabana, pleti bora hazikupatikana. Powell, mwanafizikia Mwingereza, akaja baadaye na njia ileile na pleti nzuri zaidi, Nobeli ya 1950 akabeba yeye, hapo mimi huwa naumia. Bibha akasomea shahada ya udaktari (PhD) ya fizikia Manchester kwa mwanafizikia Blackett, 1949 mwanafizikia Mhindi Bhabha akamchukua Taasisi ya utafiti ya Tata kule Bombay. Nyota kupewa jina lake ndo hadi 2019, na alishafariki 1991!