Usigawe hojaji kabla hujachora majedwali ya matokeo ya sura ya nne

Mkuu mleta mada, ahirisha hiyo safari ya uwandani. Umeuliza programu ipi ya takwimu inafaa, mapitio ya maandishi yawe kurasa ngapi, na kama unaweza kuanza kugawa hojaji mwezi ujao ilhali sehemu ya uchambuzi kwenye pendekezo lako ni sentensi moja: "data zitachambuliwa kitakwimu". Mimi nimekwama hapo kwenye la tatu, maana waliotangulia kuchangia wanakwambia nenda tu, data ikishapatikana mengine yatajipa. Ndiyo maneno niliyoambiwa mimi, na nusura yaninyime shahada ya uzamivu.

Nilikuwa natafiti uhusiano kati ya namna wanafunzi wanavyofundishwa kusoma na alama zao kwenye jaribio fupi. Aliyenitangulia idarani akanihakikishia kwamba sampuli ni 384, ipo kwenye jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, kila mtu anaitumia na jopo la watahini halina swali. Nikachukua wanafunzi 400 kwa usalama, shule 20, kila shule wanafunzi 20. Akanishauri pia nisiweke jina la shule wala namba yake kwenye hojaji, eti kwa ajili ya usiri. Hojaji zikarudi zimejazwa vizuri, zikawekwa zote pamoja kwenye boksi. Mtakwimu akachukua ya juu kabisa, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Huyu ametoka shule gani?" Hakuna aliyeweza kumjibu, na hakutapatikana wa kumjibu.

Hiyo 384 inatosha kukadiria asilimia katika kundi kubwa sana, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 juu au chini, watu wakichaguliwa mmoja mmoja kwa nasibu. Wanafunzi wa shule moja hawakuchaguliwa hivyo. Wana walimu walewale na vitabu vilevile, kwa hiyo majibu yao yanafanana. Chukulia kiwango cha kufanana ni 0.2, ambapo 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa. Unakokotoa 1 + (20 − 1) × 0.2, hiyo 20 ikiwa wanafunzi wa kila shule, unapata 4.8. Gawa 400 kwa 4.8: umebeba taarifa za wanafunzi kama 83 tu. Na bila namba ya shule huwezi hata kukijua hicho kiwango, sembuse kukirekebisha.

Mtakwimu Mwingereza R. A. Fisher alishalisema hili mwaka 1938: kumwendea mtakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba afanye uchunguzi wa maiti, na pengine ataweza kukwambia jaribio lilikufa kwa nini.

Sasa hao washauri. Yule wa idarani alikuwa amefanya mahojiano ya kina, hajawahi kushika sampuli ya nasibu maishani mwake, lakini alizungumza kama aliyeandika kanuni. Kisha kuna wanaochambulia watu data kwa malipo, wanajaribu kipimo baada ya kipimo mpaka kipatikane chenye thamani ya p iliyo chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka wa kuyaita matokeo ya maana kitakwimu. Siku ya utetezi humwoni hata mmoja wao ukumbini. Wanapenda kusema data haiozi. Inaoza! Kibali cha maadili kina muda wake na kimetolewa kwa hojaji ile uliyowasilisha. Ukiongeza swali unarudi kuomba upya. Mimi niliporuhusiwa kurudi, wanafunzi walikuwa wamepanda darasa, nikaanza moja.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote. Chukua kila swali lako la utafiti, chora jedwali litakalolijibu, lenye kichwa, safu na mistari, ila namba uache wazi. Chini yake andika kipimo utakachotumia. Juu ya kila safu andika namba ya swali la hojaji litakaloijaza. Swali lisilo na safu, lifute. Safu isiyo na swali, ongeza swali sasa, wakati bado kuongeza hakukugharimu kitu. Ningechora hivyo, safu ya "shule" ingebaki tupu mbele ya macho yangu kabla hata hojaji haijachapwa. Utaona na madogo pia: ukiuliza umri kwa makundi, 18 hadi 25, hutapata wastani wa kweli. Uliza miaka, makundi utayatengeneza mwenyewe baadaye.

Kisha ijaribu hojaji kwa watu wachache wasio kwenye sampuli yako, ingiza majibu yao kwenye kompyuta, na uendeshe uchambuzi mzima mpaka jedwali la mwisho. Hapo ndipo utajua kama unajua unachokwenda kutafuta.

Umesema msimamizi wako hashikiki. Mtumie majedwali hayo peke yake, bila lile pendekezo la kurasa tele. Msimamizi asiyepata nafasi ya kusoma sura tatu atasoma kurasa mbili za majedwali matupu, na kasoro ataiona hapohapo. Mtakwimu naye umpelekee hayohayo, mapema.

Ukimaliza yaweke hapa kabla hujapeleka hojaji kuchapwa. Nitayapitia yote.