Samaki wabichi Mbeya mjini: acha bahari, fuata ziwa

Mkuu, umeuliza ni duka gani hapa Mbeya linauza samaki wa baharini wabichi, wa kuvuliwa leo kama wale wa soko la Feri, Dar es Salaam. Hakuna. Kutoka Feri mpaka Mwanjelwa ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo changu, kibua au pweza unayemkuta huku alipanda akiwa amegandishwa. Kugandishwa si kosa. Kosa ni pale anapoyeyushwa asubuhi apangwe mezani aonekane mbichi, jioni akibaki anarudi kwenye friza, kesho mezani tena. Huyo ukimbonyeza anabaki na shimo, maji yanamtoka, na chini ya friza utakuta barafu nyekundu. Kwa kibua na jodari kuwa mkali zaidi: wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji anawashwa, uso unamwiva, kichwa kinagonga, halafu lawama anapewa mpishi. Ukitaka wa baharini, nunua aliye mgumu kama jiwe, uyeyushie kwako.

Ubichi wa kweli kwa mtu wa Mbeya uko Ziwa Nyasa. Kyela ni kama kilomita 120 na ushee, Matema ni mbele kidogo. Wanaofuatwa zaidi ni usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa), mbasa, perege (wengine watakwambia magege) na kambale.

Kabla ya kupanga safari, tazama mwezi. Usipa huvuliwa usiku kwa taa: dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, na mwaloni (ufukweni samaki wanaposhushwa) bei inaruka. Siku za giza ndizo za kwenda. Cha pili ni upepo. Kati ya Mei na Agosti mwera ukivuma kwa nguvu mitumbwi haitoki, na unaweza kukuta mchanga mtupu. Piga simu kwa mtu wa mwaloni jana yake jioni, usiende kwa kubahatisha.

Mitumbwi ya usipa inarudi alfajiri, na kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi ndipo mzigo mzuri unagawanywa. Ukitoka Mbeya asubuhi hiyohiyo utawakuta wachuuzi, siyo wavuvi, tena njiani utakuwa umepita Isongole gizani na ukungu wake. Lala Matema au Kyela.

Usipa mbichi mtazame tumbo. Ana tumbo laini lililojaa chakula, na akikaa juani saa chache linapasuka kabla hata harufu haijabadilika. Fungu lenye matumbo yaliyopasuka mengi liache hata kama limeshushwa bei. Kwa perege na mbasa fungua matamvua: yawe mekundu ya damu, si ya kahawia. Samaki aliyekakamaa, ukimshika mkia hainami, huyo ametoka majini saa chache tu zilizopita. Macho usiyategemee peke yake, maana mchuuzi mjanja huwamwagia maji kila dakika ili yang'ae.

Bei ni ya fungu, sado au ndoo, mizani ni nadra. Nenda na mizani yako ndogo ya kuning'iniza. Si kwa ajili ya ugomvi, ni ili ujue una kilo ngapi, kwa sababu barafu inategemea hapo.

Na hapa kwenye barafu ndipo wengi wanapopotezea samaki. Kipimo ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kyela kuna joto, usidanganywe na baridi uliyoiacha nyumbani. Gandisha nyumbani chupa 10 za maji za lita moja na nusu, usizijaze mpaka mdomoni zisije zikapasuka. Unapata kama kilo 14. Ziweke kwenye deli usiku uleule ili deli lenyewe lipoe. Ukishanunua, chana nusu ya chupa hizo, barafu itie ndani ya kiroba safi uiponde kwa nyundo. Chupa nzima inamgusa samaki sehemu moja tu, barafu iliyopondwa inamkumbatia. Tandaza chini unene wa vidole vitatu, samaki, barafu, samaki, barafu, chupa nzima zikae juu. Mbasa na kambale watoe matumbo mwaloni, uwaoshe kwa maji safi, ujaze barafu tumboni. Usipa wasizidi kina cha kiganja kwa tabaka, vinginevyo wa chini wanafika wakiwa uji.

Deli liwe na tundu la kutolea maji, na litoe. Samaki anayeogelea kwenye maji ya damu anaharibika huku barafu bado ipo. Ila ukisafiri na Coaster, weka beseni chini ya tundu hilo kabla konda hajakushusha Tukuyu. Kumfungia samaki ambaye hajapozwa kwenye mfuko wa plastiki bila barafu ni kumpika polepole.

Mbasa wengi hupatikana msimu wa mvua, wanapopanda mito kama Kiwira na Songwe kutaga. Mimi mwenye mayai simnunui. Wamepungua kwa sababu ya kutegewa hapohapo kwenye midomo ya mito. Ana miiba midogo mingi, kwa hiyo kabla ya kumkaanga mchanje mbavuni mistari ya karibukaribu, upana wa kijiti cha kiberiti, mafuta yaingie miiba ikauke.

Ukikosa nafasi ya safari, nunua usipa wakavu, lakini waliokaushwa kwenye vichanja. Tafuna kichwa kimoja: kikilia mchanga, walianikwa chini. Wa fedha inayong'aa ni wazuri, wa njano au wekundu wenye uchungu walinyeshewa au wameanza kuchacha. Wa Machi na Aprili wachunguze mara mbili, kwa sababu mvua ya Kyela miezi hiyo haimpi mwanikaji nafasi.