Waini ya Mtoko: Maswali Yenu ya Chuga na Moshi

Meseji za wiki hii karibu zote zinanuka mwisho wa mwezi. Mshahara umeingia, watu wanataka kutoka, na kila mtu anaogopa kitu kilekile, ile dakika weita anaweka menyu ya waini mezani halafu anasimama pale na kalamu yake anakuangalia. Mimi nimekuwa huyo weita miaka 9 hapa Chuga, yaani Arusha, kwenye hoteli za watalii na kwenye mgahawa mmoja wa Njiro ambao siutaji, kwa hiyo najua mambo ya pande zote mbili za ile trei. Twende.

Anko, Jumamosi namtoa bibie mmoja dina, ndo mara ya kwanza, na amesema anapenda waini. Mimi mtu wa bia toka nimalize fom foo, waini siijui kabisa. Bajeti ya kila kitu laki na ishirini. Nisionekane mshamba nifanyeje? – Chalii wa Sakina

Chalii wangu, usiguse menyu kabla hujamuuliza. Anapenda waini, sawa, ipi? Nyekundu, nyeupe, tamu, au kavu, yaani isiyo tamu? Muulize hata leo kwa meseji, hutoonekana mshamba, utaonekana unajali, na nusu ya kazi itakuwa imeisha. Nimewaona wanaume wengi sana wakibuni, anaagiza nyekundu kavu ya bei mbaya kwa sababu kwenye muvi ndo wanavyofanya, dada wa watu anainywa kwa kuilamba kama dawa ya minyoo mpaka mnaondoka gilasi iko vilevile.

Halafu hesabu. Chupa ya kawaida ni mililita 750, inatoa gilasi 5 za mililita 150. Kileo chake mara nyingi ni asilimia 12 mpaka 14, kwa hiyo chupa moja ya asilimia 13 ni kama bia 4 za nusu lita za asilimia 5. Nakwambia hivi kwa sababu nyie watu wa bia mnaiona chupa yenyewe ni moja mnadhani ni mchezo, mnaishusha kwa mwendo wa bia, saa nne usiku unamsimulia habari za mpenzi wako wa zamani na yeye hajauliza. Kama mgahawa unauza kwa gilasi, agizeni gilasi moja moja. Kama hawauzi hivyo, chupa moja kwa watu wawili inatosha na chenji inabaki.

Bei sasa. Chupa mgahawani mara nyingi inauzwa mara 2 hadi 3 ya bei ya dukani, ndo biashara ilivyo, usianze kubishana na weita kwamba kwa mangi umeiona kwa nusu. Fanya hivi, mwite, weka kidole kwenye menyu, sio kwenye jina, weka kwenye bei unayoiweza, mwambie "natafuta kitu kama hiki, tunakula samaki". Weita anayejua kazi anaelewa hapohapo na bibie hajasikia namba yoyote. Wateja wa hivyo nilikuwa nawapenda mno, hata tip wasipoacha.

Na kama unataka jina moja tu la kukariri, kariri Chenin Blanc. Ni zabibu nyeupe, Afrika Kusini ndiyo nyeupe wanayoilima kuliko nyingine zote, na hata Dodoma ipo. Inaenda na kuku, inaenda na samaki, haina makuu. Nyingi utakazokutana nazo ni kavu ila haikaushi mdomo, sasa bibie akijibu "tamu" usimlazimishe hiyo, soma swali linalofuata. Ile laki na ishirini, toa kwanza hela ya Bolt ya kwenda na kurudi uiweke mfuko mwingine, maana gari huendeshi.

Anko habari za kazi. Mume wangu kila tukitoka anaagiza nyekundu kavu, nikinywa mdomo unakuwa kama nimetafuna ndizi mbichi. Mimi napenda tamu ila anasema waini tamu ni ushamba. Kweli? – Mama wa Soweto, Moshi

Dada yangu, hiyo ya ndizi mbichi umeielezea vizuri kuliko wataalamu. Ni ukakasi tu, wenyewe wanauita tanini, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ndo uleule wa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni na majani yake ndani. Waini nyekundu inachachuka ikiwa pamoja na maganda, humo ndo inapata rangi yake na ukakasi unaingia nao, wakati nyeupe inakamuliwa maganda yanatolewa mapema, ndo maana haikubani mdomo.

Ukakasi una kazi yake, usiuchukie wote. Ukiwa na mbavu za mbuzi zinachuruzika mafuta, ile nyama na mafuta vinaumeza ukakasi, mdomo unabaki safi unataka pande jingine. Bila nyama ni adhabu. Na kwa samaki ndo usiseme, mara nyingi inakuachia ladha kama umelamba msumari. Kwa hiyo nauliza tu, huyo shemeji akiagiza hiyo nyekundu yake kavu, mnakuwa mnakula nini? Maana nahisi ni sato wa kukaanga.

Kuhusu ushamba, mwambie Napoleon alipofungwa kule kisiwani St Helena alikuwa anapelekewa waini tamu ya Constantia kutoka Cape, na huyo alikuwa mfalme wa Ufaransa nzima na waini zao zote. Wafaransa wenyewe wana Sauternes, Hungaria wana Tokaji, zote tamu na bei yake ukiisikia utakaa chini. Tena kwenye chakula cha pilipili, nenda migahawa ya Kihindi pale Arusha mjini uagize kitu cha moto, tamu kidogo ndo inakuokoa, ile kavu yenye kileo kikubwa inaongeza moto juu ya moto.

Wewe agiza gilasi yako tamu, yeye aagize yake. Kunywa chupa moja sio sehemu ya kiapo cha ndoa.

Weita ananimiminia kidogo halafu ananiangalia. Natakiwa kusema nini?? – wa Kijenge

Unajua mbege inavyotolewa kule Kibosho au Marangu, mwenye pombe anaonja kwanza kwenye kata ndo anampa mgeni, ili mgeni aone iko salama. Hapa ni jambo lilelile ila limegeuzwa, anayeonja ni mnunuzi. Huulizwi kama umeipenda, unaulizwa kama imeharibika. Zungusha gilasi, nusa, onja kidogo, itikia kwa kichwa, basi, sekunde 5. Unachotafuta ni harufu ya boksi lililolowa au ukungu wa stoo, hapo ni kile kizibo cha gome la mti kimeichafua, au harufu ya siki. Ukiipata mwambie weita kwa upole, anaibadilisha. Zile za kifuniko cha kuzungusha hilo tatizo la kizibo ni nadra sana, na sio kwamba ni za bei rahisi, nyingi nzuri tu.

Kuna mzee mmoja nilimmiminia kile kidogo cha kuonja, akakigugumia chote, akaweka gilasi chini akaniuliza mbele ya wageni wake, "kijana, mbona umenibania?" Nilimjazia mpaka juu. Ningefanyaje?

Naona aibu kuagiza waini ya Dodoma mbele ya mgeni wangu, ataniona mtu wa dompo. Niko sahihi? – Ngaramtoni

Hauko sahihi, na hili nitalisema kirefu kidogo kwa sababu linaniudhi. Mtu anakuja Arusha ametoka Ulaya huko, anataka kuonja kitu cha hapa, sisi tunamwekea chupa ya ng'ambo kama vile sisi hatuna. Tunacho. Dodoma kuna zabibu toka enzi za wamisionari, na ina kitu ambacho Ufaransa hawana, wanavuna mara 2 kwa mwaka. Kule kwenye baridi mzabibu unalala msimu mzima, majani yanapukutika, mpaka joto lirudi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndo anauamsha kwa kisu, anaupogoa unachipua, anavuna, anaupogoa tena.

Kuna zabibu nyekundu inaitwa Makutupora, jina la kwetu kabisa, kuna Chenin Blanc niliyosema hapo juu, kuna Syrah, na kuna Waitaliano walioleta zabibu za kwao kama Aglianico na Teroldego na zimekubali ule ukame. Zote nzuri? Hapana, nisikudanganye, kuna chupa nimefungua nikazifunga tena. Ila dompo ni aina moja tu, tamu na kali, usiihukumu Dodoma nzima kwa hiyo. Uliza kavu ya Dodoma, nyeupe ije ya baridi, umwekee mgeni bila kujieleza eleza. Ukianza "samahani ni ya hapahapa", umeshaiharibu kabla hajaonja.

Kwa nini waini nyekundu Moshi naiona kali kuliko nikinywa Arusha? Chupa ileile! – Majengo

Joto tu bana. Wanasema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sasa chumba cha nani? Hayo maneno ni ya nyumba za Ulaya za zamani zenye baridi, nyuzi 15 mpaka 18 hivi. Chumba cha Majengo mwezi wa pili kina nyuzi 30, kileo kinakupanda puani ladha nyingine zote zimejificha. Arusha iko juu zaidi, mwezi wa saba watu wanavaa makoti, huko haina shida. Moshi mwambie weita aiweke nyekundu kwenye friji dakika 20 au 30 kabla ya kuileta, akikushangaa mwache ashangae. Nyeupe yenyewe nyuzi 8 mpaka 12, na ndoo ya barafu wekeni na maji ndani, barafu peke yake haipoozi haraka.

Kitimoto na waini gani? – naomba usitaje mtaa wangu

Siutaji. Ya kukaanga au rosti yenye mafuta, nyeupe kavu yenye uchachu inakata mafuta kama ndimu inavyofanya. Ya kuchoma yenye moshi, jaribu Pinotage, zabibu ya Afrika Kusini kabisa, mwaka 1925 profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichanganya Pinot Noir na Cinsaut ikazaliwa hiyo. Nyingine zina kamoshi fulani kanakubaliana na mkaa vizuri sana.

Namvisha pete mchumba wangu, lazima shampeni? – Usa River

Sio lazima. Shampeni halisi ni ya mkoa wa Champagne Ufaransa tu na bei yake unaijua. Ila Afrika Kusini wanatengeneza kwa njia ileile, mapovu yanatengenezwa ndani ya chupa, wanaiita Cap Classique, Simonsig ndo walianza mwaka 1971. Inafyatuka vilevile, picha zinatoka vilevile. Pete tu usiitumbukize kwenye gilasi, nimeshawahi kushika tochi chini ya meza na sitaki tena.

Naweza kwenda na chupa yangu? – Sekei

Piga simu kabla. Wengine wanakubali na wanatoza hela ya kufungua, wengine hawataki kabisa. Kuitoa chupa kwenye mkoba kimyakimya hiyo hapana.

Niko kwenye dozi ya flajili, gilasi moja tu si haina neno? – Kaloleni

Ina neno. Unaweza kutapika, uso ukawaka, moyo ukaenda mbio, mezani kwa watu. Maliza dozi, na siku 2 mpaka 3 baada ya hapo usiguse kileo. Sogeza mtoko mbele.

Kijana wangu, mimi nimestaafu mwaka huu. Mama yenu nimekaa naye miaka 34 na sijawahi kumpeleka hoteli ya maana tukala sisi wawili tu. Nataka nimpeleke Shanty Town pale Moshi. Yeye hanywi, labda mbege kidogo kwenye sherehe. Je, nimwagizie waini? – Mzee wa Marangu

Shikamoo mzee wangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu.

Usimwagizie, muulize mkiwa mmeshakaa. Akisema ajaribu, mwombe weita nyeupe tamu, nyepesi, ya baridi, gilasi moja, na umwambie weita amimine nusu tu. Mtu aliyezoea mbege ulimi wake unajua uchachu na utamu vikiwa pamoja kwa hiyo hatashtuka, zile nyekundu kavu ndo zitamfanya akunje uso akuulize kama umelipia hii. Wali, kuku, au kama wana mtori uliopikwa vizuri anzeni na huo, waini isubiri, mtori hauitaki. Wewe usinywe zaidi yake sana mzee, maana usiku huo ni wa mazungumzo.

Na akisema anataka soda, basi soda iletwe kwenye gilasi ileile ya waini, yenye mguu mrefu, mwambie weita kabla. Piga simu kesho uweke meza, na ukiulizwa jina la kuandika, toa la mama.