Maikrofoni, Saundi Kadi na Linux: Maswali Yenu Kutoka Tabora

Barua nyingi za wasomaji wanaotumia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, safari hii zinahusu sauti: kwaya, podikasti, masomo ya kurekodi, kaseti za zamani. Zinazofanana nimeziunganisha. Niseme mapema ninachokiamini, maana kitajitokeza katika karibu kila jibu: pesa ya kurekodi ianzie kwenye chumba, ifuate maikrofoni, saundi kadi (kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta) ije ya mwisho. Wengi mnaoniandikia mmeanzia mwisho.

Muuzaji ameniambia saundi kadi ya USB haifanyi kazi mpaka uingize programu iliyo kwenye CD yake, na CD yenyewe ni ya Windows. Mimi natumia Linux Mint. Ninunue au niache? (Kijana wa Ipuli)

Usiache kwa sababu hiyo. Tangu 1998 ipo kanuni ya pamoja inayoeleza jinsi kifaa cha sauti kinavyowasiliana na kompyuta kupitia USB, na toleo la pili likafuata baadaye. Kifaa kinachofuata kanuni hiyo hakihitaji CD kwenye Linux. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ina draiva (programu ya kuendesha kifaa) moja, snd-usb-audio, inayovihudumia vifaa hivyo vyote bila kujali kampuni. Unachomeka, unafungua mipangilio ya sauti, unakikuta. CD ziliandamana na vifaa hivi kwa sababu Windows haikuwa na draiva yake ya toleo la pili hadi 2017. Kwa hiyo muuzaji wako hakudanganya, ila alichosema ni cha Windows.

Ukiona boksi limeandikwa kwamba kifaa kinakubali iPad bila kuingiza programu, hiyo ni dalili nzuri, maana iPad nayo hutegemea kanuni hiyohiyo. Behringer UMC22 na UMC202HD, Focusrite Scarlett Solo na 2i2, na MOTU M2 zote zinafanya kazi. UMC22 inaishia biti 16 na kilohezi 48 (vipimo vya ubora wa rekodi), nayo inatosha kabisa kwa maongezi. Ukiweza kuongeza kidogo chukua UMC202HD: inakupa maikrofoni mbili na biti 24, na siku ukimkaribisha mgeni kwenye kipindi hutalazimika kununua upya.

Epuka aina mbili. Ya kwanza ni vifaa ambavyo vitu vya msingi vinaendeshwa kwa programu ya kampuni pekee, isiyo na toleo la Linux; Apollo za Universal Audio ni mfano. Ya pili ni saundi kadi za zamani za FireWire (aina ya tundu la zamani, si USB) zinazouzwa mtumba kwa bei ya kuvutia. Linux bado inazikubali nyingi, lakini watunzaji wa kerneli wameweka mpango wa kufunga kazi hiyo 2029, na laptopu za sasa hazina hata tundu lake.

Ukienda dukani nenda na laptopu yako. Chomeka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `arecord -l`, uone kama kadi imetokea kwenye orodha. Kisha rekodi dakika moja kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, usikilize hapohapo kwa hedifoni. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, mshukuru na uende duka lingine.

Kwaya yetu ilinunua maikrofoni ya BM-800 pamoja na waya wake wa kuchomeka kwenye tundu dogo la laptopu. Sauti ni ndogo na imejaa mvumo. Tumeongeza sauti hadi mwisho, hakuna nafuu. (Katibu wa kwaya, Urambo)

Maikrofoni hiyo inahitaji umeme wa volti 48 unaopita ndani ya waya wa XLR, ule wa maikrofoni wenye pini tatu. Tundu la laptopu hutoa volti chache tu, mbili hadi tano hivi, kwa hiyo maikrofoni iko nusu usingizi. Mnapoongeza sauti mnaongeza mvumo wa laptopu yenyewe. Nunueni saundi kadi yenye kitufe cha 48V pamoja na waya wa kawaida wa XLR kwa XLR, na ule wa mwanzo muuweke kando. Maikrofoni hiyohiyo itawashangaza.

Hata hivyo, kwaya nzima mbele ya maikrofoni moja mara nyingi hutoka bapa, na walio katikati huwafunika wa pembeni. Mkipata nafasi ongezeni ya pili inayofanana nayo, mziweke mita mbili au tatu mbele ya mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa. Hapo ndipo saundi kadi ya maikrofoni mbili inapolipa. Mwimbaji wa kuongoza mpeni maikrofoni ya dainamiki, aina isiyotegemea umeme wa nje, karibu na mdomo. Shure SM58, ambayo imekuwa sokoni tangu 1966, haihitaji hizo volti 48 na huvumilia kuangushwa. Tahadhari kubwa ni maikrofoni bandia zinazobeba jina hilo; bei ikiwa ya chini kupita kiasi, shuku.

Nimetenga chumba cha kurekodia hadithi za watoto. Nina pesa ya maikrofoni moja nzuri. Ninunue ipi ili mwangwi usisikike? (Mama wa Kanyenye)

Mama, hakuna maikrofoni inayoondoa mwangwi, na nakuomba usinunue chochote kabla ya kukishughulikia chumba. Sakafu ya saruji, kuta za lipu na dirisha la kioo hurudisha sauti zote. Chumba kikiwa hakina dari, bati nalo hujiunga. Maikrofoni ya kondensa (aina inayosikia kwa wepesi zaidi) ya bei kubwa itayanasa yote hayo kwa uaminifu: mwangwi, jogoo wa jirani, bodaboda inayopita. Kwa nyumba nyingi za mjini Tabora mimi huchagua dainamiki bila kusita, kwa sababu ukiizungumzia kwa karibu hunasa mdomo wako na kuyaacha mengi ya mbali.

Anza na vitu laini ulivyo navyo. Magodoro mawili yaliyosimamishwa kwenye kona, blanketi nzito, kabati la nguo lililofunguliwa mlango. Watu wengi hutundika blanketi nyuma ya maikrofoni. Liweke nyuma yako wewe unayesoma. Maikrofoni nyingi za kuzungumzia husikia zaidi mbele na kidogo sana kwa nyuma, na mbele ya maikrofoni upo wewe pamoja na ukuta ulio mgongoni pako. Sauti inayogonga ukuta ule ndiyo inayorudi moja kwa moja ndani. Kwa sababu hiyohiyo, mgongo wa maikrofoni uelekeze kwenye dirisha la barabarani.

Halafu sogea. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako huongezeka kwa desibeli 6 hivi huku mwangwi ukibaki palepale. Kutoka sentimita 40 hadi 10 umepata desibeli 12 bila kutoa hata shilingi. Ili herufi p na b zisipulize, nyoosha soksi nyembamba ya nailoni kwenye kiduara cha waya, ukiweke kati ya mdomo na maikrofoni, na zungumza ukiwa umeelekea pembeni kidogo.

Zima feni na friji wakati wa kusoma. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua juu ya bati itakuamulia ratiba, basi soma hadithi nyingi siku kavu na uzihifadhi. Kabla ya kila kazi rekodi nusu dakika ya ukimya, uangalie kipimo kwenye Audacity. Soko la vitabu vya kusikiliza hutaka ukimya ulio chini ya desibeli -60. Ukifika -50 chumbani kwako umeanza vizuri. Sauti yako ikipanda ifike kati ya -12 na -6, isiguse sifuri.

Ukishafika hapo, SM58 na saundi kadi ndogo vitakutosha kwa miaka mingi.

Maikrofoni ya USB au ya XLR? Narekodi masomo ya kidato cha pili, peke yangu. (Mwalimu, Nzega)

USB inatosha, mwalimu. Chagua yenye milango yote miwili, kama Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x: leo unachomeka USB moja kwa moja, kesho ukinunua saundi kadi unatumia XLR ya maikrofoni hiyohiyo. Zote mbili ni za dainamiki na Linux huzitambua bila kuongeza kitu. Ila usipange kurekodi watu wawili kwa maikrofoni mbili za USB. Kila moja ina saa yake ya ndani, na somo likiwa refu sauti hizo huanza kupishana. Watu wawili wanahitaji saundi kadi moja.

Mjomba ananiletea Shure SM7B kutoka Dar. Nina Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu. Nasikia haziendani. (Msomaji wa Isevya)

Zinaendana, ila kwa shida. SM7B ina sauti ndogo kuliko SM58 kwa desibeli 4 na nusu hivi, na Shure hushauri priampu (sehemu ya saundi kadi inayokuza sauti ya maikrofoni) yenye uwezo wa desibeli 60 au zaidi. 2i2 ya kizazi cha tatu inaishia 56, ya kizazi cha nne inafika 69. Ukizungumza kwa nguvu kwa umbali wa vidole vinne utapata sauti inayotumika. Ukiwa mtu wa sauti ya chini, utahitaji kiongeza sauti kama Cloudlifter CL-1 kati ya maikrofoni na saundi kadi, nacho hutumia zile volti 48. Mjomba akiwa bado hajanunua, mwombe SM58. Chenji inayobaki nunua stendi nzito na waya mzuri.

Nikipiga gitaa kupitia laptopu najisikia nimechelewa. Shida ni kadi au Linux? (Mpiga gitaa, Ng'ambo)

Ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia. Kwa kilohezi 48, bafa ya 1024 ni milisekunde 21, na sauti inaingia na kutoka, hivyo unaupita muda ambao vidole huanza kuugundua. Bafa ya 128 haifiki milisekunde 3.

Kama unarekodi tu, bonyeza kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kilicho kwenye saundi kadi. Gitaa litaingia kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta, na suala limekwisha. Kama unatumia vionjo vya gitaa vilivyo ndani ya kompyuta, punguza bafa. Mint 22 inatumia PipeWire, mfumo uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2023, na humo unaandika:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128`

Sauti ikianza kukwaruza au kukatika, panda hadi 256. Ukimaliza andika amri hiyohiyo ukiweka 0 mahali pa 128, mambo yarudi yalivyokuwa. Na gitaa lichomeke kwenye tundu lenye kitufe cha INST kikiwa kimebonyezwa, la sivyo litasikika limefifia.

Nimenunua Scarlett Solo mpya ya kizazi cha tatu. Laptopu inaiona kama flashi! (Msomaji wa Cheyo)

Haijaharibika. Inapotoka kiwandani hujionyesha hivyo ili ikupeleke kwenye usajili. Chomoa, shikilia kitufe cha 48V huku unachomeka tena, subiri kidogo, achia, kisha uchomoe na kuchomeka mara ya mwisho.

Nikichomeka chaja ya laptopu, spika zinaunguruma. (Fundi wa sherehe, Kaliua)

Vaa hedifoni kwenye saundi kadi usikilize ulichorekodi. Kama rekodi ni safi na ngurumo iko kwenye spika tu, umeme unazunguka kati ya chaja na spika kupitia waya wa sauti. Laptopu na spika zichomeke kwenye ekstensheni moja, na waya wa kwenda spika uwe wa jeki zenye pete mbili nyeusi. Kama ngurumo imo ndani ya rekodi, tenga waya wa maikrofoni na chaja, au rekodi kwa betri. Ukihitaji umbali, refusha waya wa XLR, ambao huvumilia makumi ya mita. Wa USB usipite mita 5.

Babu alipiga gitaa na bendi za hapa Tabora akaacha kaseti za mazoezi. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta ya Ubuntu. Ninunue saundi kadi gani? (Msomaji wa Gongoni)

Swali lako limenigusa. Mji huu umetoa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na mazoezi yaliyorekodiwa na wapigaji wenyewe hayapo kwenye santuri yoyote. Ukizipoteza kaseti hizo, hakuna pa kuzipata tena.

Huhitaji maikrofoni wala volti 48. Unahitaji kifaa chenye matundu mawili ya kuingiza sauti kutoka kwenye deki (kicheza kaseti) au redio. Behringer UCA202 imetengenezwa kwa kazi hiyo, ni ndogo, na Ubuntu huitambua papo hapo. Ukiwa tayari na UMC202HD itafaa pia, ukitumia jeki kubwa, si XLR. Sauti itoke kwenye tundu la nyuma la deki. Kama deki ina tundu la hedifoni pekee, punguza sauti yake hadi katikati.

Safisha kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti safi ya isopropili kabla ya kila kaseti, uache kikauke. Zungusha kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja, utepe ulegee, ndipo uanze kurekodi. Tumia biti 16 na kilohezi 48: kaseti ya dakika 60 itachukua megabaiti 690 hivi kwa WAV, na ukiihifadhi kwa FLAC itapungua sana bila kupoteza chochote. MP3 tengeneza ya kuwatumia ndugu kwa WhatsApp, isiwe ndiyo nakala yako ya kutunza. Usisafishe mvumo kwenye nakala hiyo ya kwanza; programu za kusafisha zinazidi kuwa bora, na kilichokatwa hakirudi.

Anza na kaseti unayoiogopa kuliko zote, ile yenye ukungu au utepe uliokunjika, na usiicheze kwa majaribio: siku unapoibonyeza, Audacity iwe tayari inarekodi. Andika kwenye jina la faili majina ya wapigaji unaowatambua, na wale usiowajua uwaulize wazee wa Gongoni wakiwa bado wanaweza kuwatambua kwa mlio wa gitaa.